Wafaransa 70, 80 na 90 walizipeleka wapi? Waliojifunza kuhesabu Kifaransa njooni

#1 Kijana wa Njiro
Wakuu habari za muda huu, niende moja kwa moja. Kifaransa hakina sabini, hakina themanini na hakina tisini. Kuanzia moja mpaka sitini na tisa nateleza tu, un, deux, trois, vingt, trente, quarante, hamna shida. Nikifika juu ya hapo jamaa wanaanza hesabu za darasa la tatu. Sabini wanasema soixante-dix, yaani sitini kumi. Sabini na moja ni soixante et onze, sitini na kumi na moja. Themanini ni quatre-vingts, nne ishirini. Na tisini na tisa sasa ndio kituko, quatre-vingt-dix-neuf, nne ishirini kumi tisa, mtu unazidisha na kujumlisha huku mteja anakuangalia.

Mimi naongoza watalii huku Arusha, Wafaransa wanakuja wengi tu, kinachonimaliza ni namba za simu. Wao hawataji moja moja kama sisi, wanataja mbili mbili. Nikisikia "soixante" naandika 6, kumbe hajamaliza, anaongeza "dix-huit", hapo inakuwa 78 naanza kufuta. Akisema "quatre" naandika 4, anamalizia "vingt-douze", hee, kumbe ni 92.

Nani aliwaloga hawa watu? Na nyie mliojifunza mlipitaje hapo?

#2 Kichwa Maji
Nimeweka kiti hapa, ngoja waje.

#3 Kipanga wa Kigoma
Mkuu wewe umebeba Kifaransa cha Paris ndo maana unateseka. Sisi huku tunafanya biashara na Warundi na Wakongo na hayo mateso hatuyajui, jamaa wanasema septante, octante, nonante. Basi. Sabini, themanini, tisini. Kariri hayo matatu ukalale.

#4 Lushois wa Kenya
Jambo bandugu. Kipanga, apana, octante hatusemake. Ku Lubumbashi tunasemaka septante na nonante, ile kweli, lakini 80 iko quatre-vingts sawa ya Bafransa. Octante sijaisikia ku masomo wala ku soko. Ni Babeleji njo balituachia ile septante, juu ni bao balifundisha bankambo. Na mu Kiswahili ya kwetu franga tunahesabiaka mu français, mutu anakuambia cinq cents, mille, deux mille, elfu hasemake sana.

(Avenue Kenya, commune ya Kenya, Lubumbashi. Sitoke Nairobi, musiniulize tena lol)

#5 Kijana wa Njiro
#4 hapo mwisho umenisaidia nilikuwa naandika "Mkenya gani huyu" 😂

Sasa hebu niweke sawa, Wabelgiji waliitengeneza sabini, wakaitengeneza tisini, themanini wakaiacha ilivyo? Walichoka?

#6 Theluji na Ugali
Naishi Uswisi upande wa Kifaransa. Niongeze kidogo maana hapa ndio vurugu zaidi. Septante na nonante tunasema wote. Ile 80 inategemea unakaa wapi. Vaud (ndio Lausanne), Fribourg na Valais utasikia huitante. Ukipanda treni ukashuka Geneva, mwendo wa chini ya saa moja, wanasema quatre-vingts. Octante ni neno la vitabuni la zamani, siku hizi ukilisikia ni mtu anafanya utani au kasoma sana. Kwa hiyo Kipanga hajakosea kwamba neno lipo, kakosea kwamba watu wanalitumia.

#7 Kipanga wa Kigoma
Mimi nimelisikia kwa masikio yangu mawili. Siwezi kubishana na mtu wa theluji kuhusu Uvira ya Kongo.

#8 Kijana wa Njiro
Swali la kibiashara. Nikimwambia mgeni wa kutoka Lyon "septante dollars" atanielewa au atanishangaa?

#9 Bi Mkubwa wa Paje
Atakuelewa, atatabasamu, pengine atakuuliza umesoma Ubelgiji? Nimefanya mapokezi ya hoteli huku Zanzibar miaka mingi, hilo halijawahi kunikosesha mteja. Ila mdogo wangu shida yako hukuisema vizuri. Wewe kusema si tatizo, unaweza kusema unavyotaka. Tatizo lako ni KUSIKIA, na Mfaransa hatakutajia septante kwa sababu wewe umechoka. Atasema soixante-dix tena kwa haraka, swasan-dis, umemaliza. Kwa hiyo hiyo dawa ya Kigoma inatibu mdomo, sikio linabaki linaumwa.

Nilichofanya mimi ni hiki. Kwenye namba ya simu ukisikia soixante au quatre-vingt usiandike kitu. Kalamu juu. Subiri kipande kiishe ndio uandike tarakimu mbili kwa mpigo. Namba ya Ufaransa ina tarakimu kumi, jozi tano, ya kwanza ya simu ya mkononi ni 06 au 07 kwa hiyo hiyo huna haja ya kuisikiliza hata. Zimebaki nne.

#10 Fundi Hesabu
Turudi kwenye nani aliwaloga. Nilivyosoma mimi ni kwamba kabla ya Warumi hiyo nchi ilikuwa ya Wagallia, na jamii ya lugha zao ya Kiselti wanahesabu kwa ishirini ishirini. Mpaka leo Wabretoni kule magharibi mwa Ufaransa 40 wanasema daou-ugent, ishirini mbili, na 60 tri-ugent, ishirini tatu. Kwa hiyo Warumi wakaleta Kilatini, wenyeji wakakubali lugha lakini kuhesabu wakabaki na kwao. Mtu hata akihama lugha, hela anahesabu kwa lugha ya mama.

#11 Mchokozi Mwandamizi
Simple tu. Vidole vya mkono kumi, vya miguu kumi. Mwenye viatu anahesabu kwa kumi, asiye na viatu anahesabu kwa ishirini. Wafaransa walikuwa pekupeku, tunafunga uzi.

#12 Msomi wa Kijiweni
#10 hiyo ya Wagallia inasemwa sana ila ina tundu. Kuna mahali panaitwa La Graufesenque kusini mwa Ufaransa, wafinyanzi wa enzi ya Warumi waliandika hesabu za vyungu vyao kwa Kigallia, ndio ushahidi mzuri tulio nao, na zile namba zinaishia ya kumi. Hakuna ishirini ishirini hapo. Tunachukua tabia ya Wabretoni wa leo tunaibandika kwa watu wa miaka elfu mbili nyuma.

Wengine wanasema ni Wanormani. Waviking walipewa ile Normandie mwaka 911, na Wadenmark mpaka leo 60 yao ni tres na 80 yao ni firs, tatu na nne za ishirini. Tena wao wamezidi, 50 ni halvtreds, nusu ya kufikia tatu, mara ishirini. Ukilalamikia Kifaransa uende Copenhagen ukalie vizuri.

#13 Fundi Hesabu
Na hiyo yako ina tundu kubwa kuliko langu. Kama Waviking ndio waliileta, mbona Iceland waliokwenda Waviking haohao 80 yao ni áttatíu, makumi nane? Kidenmark chenyewe kilianza hiyo ya ishirini baadaye sana, hao wa 911 hawakuwa nayo. Ukiniuliza mimi Wadenmark na Wafaransa kila mtu kapata ugonjwa wake.

#14 Chui wa Pirenei
Mmewasahau Wabaski. 20 hogei, 40 berrogei. Wapo palepale mpakani na walikuwepo kabla ya hao wote mnaowataja. Nawaachia hiyo.

#15 Mzee Korija
Vijana mnazunguka mbali mno. Mimi mtu wa Lamu. Boriti za mikoko kwetu zilikuwa zinauzwa kwa korija, na korija ni ishirini. Hakuna nahodha aliyekaa na kusema boriti themanini, atakwambia korija nne. Akiwa na tisini atakwambia korija nne na kumi. Hayo si ndiyo quatre-vingts na quatre-vingt-dix mnayoyalilia? Hapakuwa na Mgallia Lamu wala Mviking. Ukiwa na vitu vingi vya aina moja unavipanga mafungu, fungu la ishirini linatosha mkononi na kwenye akili, unahesabu mafungu.

Na wao walikwenda mbele zaidi zamani. Paris ipo hospitali ya macho inaitwa Quinze-Vingts, korija kumi na tano, kwa sababu mfalme Louis wa tisa aliianzisha karibu na mwaka 1260 iwe nyumba ya vipofu mia tatu. Ipo mpaka leo na jina ni lilelile. Walikuwa wanasema trois-vingts kwa sitini, na six-vingts kwa mia na ishirini. Yote yamekufa imebaki hiyo nne peke yake. Kwa hiyo swali si kwa nini waliianza, kila mfanyabiashara angeianza. Swali ni kwa nini hiyo moja haikufa.

#16 Kichwa Maji
Mzee kaja na jahazi zima. Shikamoo.

#17 Mchokozi Mwandamizi
Kuanzia leo mimi nina umri wa korija mbili kasoro moja. Mtoto wa mtu asinisumbue na miaka.

#18 Fundi Hesabu
Mzee marahaba zako tumepokea, ila korija kwetu ilibaki sokoni. Shuleni mwalimu hakusema korija nne jumlisha saba. Wao iliingia mpaka kwenye hesabu za shule na tarehe na umri. Biashara tu haitoshi kueleza hilo.

#19 Wanjiku wa Ngong Road
Hapo kwa "kwa nini haikufa" naweza saidia kidogo, nilisoma Kifaransa high school halafu nikaendelea. Zamani hata Ufaransa septante na nonante zilikuwa zinatumika kabisa, hasa mashariki na kusini, zote zilikuwa zinaishi pamoja. Halafu karne ya 17 wakubwa wa lugha wa Paris wakaanza kuchagua gani ni tamu na gani ni ya washamba. Kuna mmoja, Vaugelas, kwa kitabu chake cha 1647 alisema septante si Kifaransa isipokuwa ukitaja ile tafsiri ya Biblia ya wale Sabini. Ukitaka kuonekana mtu wa ikulu unasema soixante-dix. Kamusi zikafuata, shule zikafuata kamusi. Belgium na Switzerland hazikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa so hawakuambiwa kitu, wakaendelea na zao.

So kwangu si Mgallia, si Viking. Ni maringo tu.

#20 Msomi wa Kijiweni
Maringo yanaeleza 70 na 90. Hayaelezi kwa nini Mbelgiji aliyekataa maringo alikubali quatre-vingts. Kijana wa Njiro aliuliza hilo tangu #5 na hakuna aliyemjibu, tunaruka tu.

#21 Wanjiku wa Ngong Road
Aki pia mimi sijui kwa nini ya 80 iliponyoka. Labda quatre-vingts ilikuwa imeshika kila mahali kabla vita haijaanza.

#22 Theluji na Ugali
Labda octante na huitante zilikuwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe, wawili wakigombana wa tatu anachukua. Hiyo ni yangu, sijaisoma popote.

#23 Buyenzi Buja
Salama wote. Huku Bujumbura ni septante na nonante vilevile, na wazee wa Rwanda waliosoma kwa Kifaransa ni hivyohivyo, kabla nchi yao haijageukia Kiingereza shuleni mwaka 2008. Wote tulikuwa chini ya Mbelgiji mpaka 1962. Kinachochekesha ni Kinshasa na Brazzaville, wanatazamana ng'ambo ya mto, huku wa Mbelgiji anasema septante, kule wa Mfaransa anasema soixante-dix. Unavuka kwa boti unabadilisha na hesabu.

Lakini vijana wa siku hizi wanaangalia runinga za Ufaransa, unasikia mtu kachanganya, anasema septante kwa bei na soixante-dix akitaka kuonekana kasoma.

#24 Wanjiku wa Ngong Road
#23 si ndio nilisema, maringo!

#25 Bi Mkubwa wa Paje
Historia tamu lakini mtoto wa watu ana wageni kesho. Nimpe dawa ya sikio. Mkoa wa Paris una wilaya zake nane na kila moja ina namba, Wafaransa wanazitaja kama tunavyotaja Temeke na Ilala. 75 ni Paris yenyewe, 77 Seine-et-Marne, 78 Yvelines, 91 Essonne, 92 Hauts-de-Seine, 93 Seine-Saint-Denis, 94 Val-de-Marne, 95 Val-d'Oise. Angalia vizuri, ZOTE ziko kwenye eneo lako la ajali, hakuna hata moja chini ya 70. Mgeni wako wa Paris muulize anatoka namba ngapi. Atafurahi umeijua habari hiyo, atakujibu kwa namba, na wewe umepata zoezi la bure. Soixante-quinze, soixante-dix-sept, quatre-vingt-onze. Wiki kadhaa za kuuliza hivyo masikio yanafunguka yenyewe.

Tahadhari, wa 93 wenyewe wengi hawasemi quatre-vingt-treize, wanasema neuf-trois, tisa tatu. Hata wao wamechoka.

#26 Kijana wa Njiro
Dada hii ni dhahabu. Leo leo naanza.

#27 Kichwa Maji
Mimi mtu aliniambia nisikilize droo za Loto ya Ufaransa (bahati nasibu yao) mtandaoni, wanasoma namba taratibu na zinaonekana kwenye mpira, unasikia na kuona.

#28 Theluji na Ugali
Wazo zuri ila Loto ya Ufaransa mipira inaishia 49. Huyu kasema mpaka 69 anateleza. Utakuwa unampa panadol aliyevunjika mguu.

#29 Wanjiku wa Ngong Road
Na msidhani mpaka 69 ni rahisi hivyo, watu wengi wanajua kuzitaja lakini hawajui zinabadilika. Chukua six. Peke yake unasema "sis". Ukiweka kitu cha konsonanti mbele, six livres, hiyo s inapotea, "si livr". Ukiweka vokali, six euros, inakuwa "siz euro". Dix ni hivyohivyo, dis, di, diz. Huit peke yake unasikia t, huit jours t imeenda. Neuf ina yake, neuf heures na neuf ans f inakuwa v, "nev eur", "nev an", lakini neuf euros inabaki f. Sept hiyo p haisomwi kabisa, imekaa tu kama mgeni wa harusi asiyejulikana. Vingt peke yake ni "ven" kwa puani, t hakuna, lakini vingt-deux, vingt-trois mpaka vingt-neuf t inarudi. Halafu ukifika quatre-vingt-un, quatre-vingt-deux, t inaondoka tena! Na quatre-vingt-onze pia hakuna t. Mwalimu wetu alikuwa anatusomesha hii kwa wimbo ndio tukashika.

Kingine, 21 ni vingt et un, 31 trente et un, hadi 71 soixante et onze kuna "et". 81 na 91 hakuna.

#30 Mchokozi Mwandamizi
Nimesoma #29 nimerudi kuwa pekupeku.

#31 Kipanga wa Kigoma
Na kuna le huit na le onze, hapo hawakati l' wala hawaungi. Les onze joueurs unasema "le onz", hakuna z katikati. Mnaona sikukaa tu Kigoma.

#32 Msomi wa Kijiweni
Hapo Kipanga kapatia, aandikwe.

Swali dogo kwa Wanjiku, kwa nini onze mpaka seize ni neno moja halafu ghafla 17 ni dix-sept, kumi saba?

#33 Wanjiku wa Ngong Road
Ni Kilatini kilivyovunjika. Waitaliano wanavunjia palepale kwa 17, diciassette. Wahispania wao wanawahi, kuanzia 16, dieciséis. Kwa nini pale na si pengine, uliza Warumi.

#34 Kijana wa Njiro
Mmenipa shule. Ila kuna kitu kingine kinaniua, saa. Deux heures na douze heures. Mgeni akisema tuondoke "duzeur" mimi nasikia kitu kimoja. Saa nane au saa sita?

#35 Bi Mkubwa wa Paje
Deux mdomo unasogea mbele kama unataka kupuliza moto lakini sauti iko katikati, ni kati ya e na o. Douze ni u yetu safi kabisa. Lakini usihangaike, saa sita mchana wengi wanasema midi, na saa sita usiku minuit, ukiwa na wasiwasi muulize "midi?" atasema ndiyo au hapana. Na ratiba wanapenda saa 24, kwa hiyo saa nane mchana atasema quatorze heures, hapo hamna kugongana.

#36 Dereva wa Kasumbalesa
Sisi wa malori hii ya saa tumeumia sana kwenye njia ya Kongo. Unaambiwa geti linafunguliwa quatorze heures, unageuza kwenye kichwa. Kanuni yangu hii hapa, ya Kiswahili kwenda kwao: kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni ongeza sita. Saa nane mchana, 8 na 6, kumi na nne. Kuanzia saa moja usiku mpaka saa sita usiku ongeza kumi na nane. Saa mbili usiku, 20, vingt heures. Ukishavuka saa sita usiku unapunguza sita, saa kumi alfajiri ni quatre heures. Nimeiandika kwenye dashibodi.

#37 Fundi Hesabu
Mimi ningeangalia tu mshale wa upande wa pili wa saa.

#38 Dereva wa Kasumbalesa
Simu haina mshale boss.

#39 Lushois wa Kenya
Na shiye ku Lubumbashi tunasemaka saa ya Kizungu tu, quatorze heures ni quatorze heures. Ba chauffeur ya Tanzania banatupigia simu "nitafika saa nane", tunabangojea ku huit heures, mutu haiko.

#40 Jangwani Damu
Kwa faida ya wanafunzi wa lugha, somo la leo ni "cinq à un". Rudia baada yangu. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga 5 Simba 1. Cinq à un.

#41 Mnyama Mkali
Nilijua tu huu uzi hautaisha salama. Wewe anza na cinq à zéro ya Mei 2012, Simba 5 Yanga 0. Ukimaliza zoezi la nyumbani hili hapa: Simba 6 Yanga 0, mwaka 1977, andika huo mwaka kwa maneno ya Kifaransa bila kuangalia popote.

#42 Jangwani Damu
Mille neuf cent... septante-sept. Ya Kigoma.

#43 Mnyama Mkali
Hahaha kakimbilia Ubelgiji. Ni mil neuf cent soixante-dix-sept. Ipo kwenye eneo la ajali kabisa.

#44 Wanjiku wa Ngong Road
Wote mko sawa, na kuna wanaosema dix-neuf cent soixante-dix-sept pia. Mimi sina timu hapo msinivute.

#45 Lushois wa Kenya
Timu ni Mazembe ya kwetu Lubumbashi. Munaendelea.

#46 Mngazidja
Salam kutoka Moroni. Sisi shuleni ni soixante-dix, Kifaransa chetu ni cha Mfaransa moja kwa moja. Lakini nyumbani Kingazidja kina saba yake, mfukare, na tisa ni shenda, wazee wa Mrima nao nasikia walisema kenda. Na ndugu zetu wa Maore (Mayotte) waliobaki chini ya Ufaransa wilaya yao ni namba 976, neuf cent soixante-seize, dada wa Paje ongeza kwenye zoezi.

#47 Bi Mkubwa wa Paje
Bibi yangu alikuwa anasema kenda mpaka anakufa. 976 imeingia, ahsante.

#48 Baridi ya Montréal
Huku Québec ni quatre-vingt-dix kama Ufaransa, septante hakuna. Ila namba za simu tunataja moja moja, kwanza tatu, halafu tatu, halafu nne. 514 ni cinq un quatre. Kwa hiyo Kijana wa Njiro tafuta watalii wa Kanada, utapumzika. Bei tu ndio wasikuchanganye na "piasse", ni dola hiyo.

#49 Wakala wa Bandarini
Nimechelewa lakini hamjagusa penye hela. Natoa mizigo ya Kongo hapa Dar, nyaraka nusu Kifaransa. Vitu viwili. Cha kwanza, milliard kwa Kifaransa ni bilioni yetu, sifuri tisa. Billion kwa Kifaransa ina sifuri kumi na mbili, yaani trilioni. Mtu akitafsiri mkataba kwa kufananisha herufi amewaongezea sifuri tatu. Cha pili, mkato na nukta. Sisi 2,500 ni elfu mbili na mia tano. Wao mkato ndio desimali, 2,500 wanaweza kuisoma mbili na nusu, deux virgule cinq. Elfu wanaacha nafasi, 2 500. Nimewahi kuona ankara ya mtu imekaa mezani kwa sababu uzito wa mzigo ulisomeka kilo mbili na ushee.

Na mwandiko. Moja yao ina mkia mrefu mbele utadhani saba, ndio maana saba wanaikata katikati. Ukiona saba haijakatwa kwenye karatasi ya Mkongo, uliza.

#50 Msomi wa Kijiweni
Hiyo ya billion Waingereza wenyewe zamani walikuwa nayo ya sifuri kumi na mbili, wakaja kufuata Wamarekani. Wafaransa wao waliwahi kuiacha, kisha wakairudia rasmi mwaka 1961.

#51 Fundi Hesabu
Ila quatre-vingts hawakuiacha. Watu wagumu.

#52 Kichwa Maji
Wakala, kwenye hundi nikiandika kwa maneno, quatre-vingts ina s au haina?

#53 Wakala wa Bandarini
Themanini kamili ina s. Ikifuatiwa na namba nyingine s inaondoka, quatre-vingt-trois. Cent nayo hivyohivyo, deux cents, deux cent trois. Mille haichukui s hata ziwe elfu mia. Na ukisema quatre-vingts euros hiyo s inasikika, "katr-ven-z-euro".

#54 Kipanga wa Kigoma
Ukurasa wa themanini je? Page quatre-vingt, mwalimu wangu alikuwa anakata s.

#55 Wakala wa Bandarini
Hundi haina kurasa, mimi nimejibu ya hundi.

#56 Wanjiku wa Ngong Road
Kipanga yuko sawa, page quatre-vingt haina s kwa sababu hapo ni ya mpangilio, ni kama ya themanini. Leo ni siku yake.

#57 Kipanga wa Kigoma
Nawaambia kila siku Kigoma kuna watu.

#58 Kijana wa Njiro
Wageni wamefika, baba wa familia anatoka 78. Nimeuliza, kajibu, nimeelewa, mke wake akadakia kwamba yeye kwao Marseille 13. Sasa wanabishana wao kwa wao nani anatoka kuzuri mimi naendesha tu. Nani ana orodha ya namba zote za wilaya?

#59 Bi Mkubwa wa Paje
Njoo PM.

#60 Jangwani Damu
Na mimi nitumie.